UZI: Bryan Helmer, beki wa hoki ya barafu aliyecheza mechi 1,117 ligi ya chini na 146 tu ligi kuu

Mtoto wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu salaam. Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga, na ugomvi wenu wa usajili sitaki kuuingilia. Leo nawaletea mchezo wa watu wa baridi. Naishi Lancaster, Pennsylvania, huku Marekani. Si mbali na kwangu kuna mji unaitwa Hershey, ndiyo ile ile ya chokoleti. Mji mdogo, lakini una timu ya hoki ya barafu, Hershey Bears, ambayo haijatoka ligi ya AHL, ile iliyo ngazi moja chini ya ligi kuu, tangu 1938. Watu wa hapa wanaipenda kuliko timu nyingi za ligi kuu.

Nataka kumzungumzia beki mmoja aliyekuwa nahodha wao, Bryan Helmer. Wengi humu hamjawahi kumsikia, na hata Marekani kwenyewe ukimtaja mbali na miji ya hoki watu watakukodolea macho. Lakini jamaa ndiye beki aliyecheza mechi nyingi kuliko beki yeyote katika historia ya AHL: mechi 1,117. Magoli 129, asisti 435, jumla pointi 564, nazo pia ni rekodi kwa mabeki. Ligi kuu yenyewe, NHL, alicheza mechi 146 tu, akafunga magoli 8.

Kuna watu wakiona hizo namba wanasema "alishindwa kufika". Mimi napinga. Hoja yangu ni kwamba beki wa hoki hapangiwi maisha na kipaji chake peke yake. Anapangiwa na majina yaliyo mbele yake kwenye foleni ya klabu iliyomsajili, na siku ambayo mmoja wao ataumia. Helmer kila alikokwenda alikuta foleni ya magwiji. Nitawaonyesha.

Kwanza mfumo, kwa wasioujua. Juu kabisa kuna NHL, timu 32. Chini yake AHL, nayo timu 32, kila moja imefungamanishwa na timu ya NHL. Hershey, kwa mfano, tangu 2005 iko chini ya Washington Capitals. Chini ya AHL kuna ECHL. Mchezaji anaweza kuwa na mkataba na Washington lakini anakula, analala na kucheza Hershey. Washington wakipungukiwa mtu, anapigiwa simu, saa mbili barabarani, jioni yuko ligi kuu. Aliyeumia akipona, anarudishwa. Hakuna kushuka wala kupanda daraja kwa timu, wanaopanda na kushuka ni watu.

Sasa hesabu ya mabeki. Timu inaingia mechi na wachezaji 18 wa ndani na makipa wawili. Kati ya hao 18, mabeki kwa kawaida ni sita, wanacheza wawili wawili. Helmer alipoigusa NHL kwa mara ya kwanza, msimu wa 1998-99, ligi ilikuwa na timu 27. Sita mara 27 ni 162. Yaani dunia nzima, Canada, Urusi, Sweden, Finland, Czech na Marekani wote kwa pamoja, wanagombea nafasi 162 kwa usiku. Ukiwa wa 163 wewe ni beki hodari sana, na uko kwenye basi la timu ya AHL.

Naendelea na safari yake post inayofuata.

Kobelo

Nimekaa pale. Ila mkuu fafanua, beki wa hoki kazi yake ni nini hasa? Maana mimi nawaona wanagongana tu.

Mtoto wa Ujiji

Kobelo, swali zuri. Kuna kile kisahani cha mpira mgumu, paki, kizito kama gramu 170, na kinaweza kupigwa kikapita kilomita 150 kwa saa. Beki kazi yake ya kwanza ni kukitoa kwenye eneo lake. Sio kubutua! Anatakiwa akikimbilie nyuma ya goli lake, mgongo umewaelekea wapinzani wawili wanaokuja kumbamiza ukutani, na kabla hajabamizwa awe ameshajua pasi inakwenda kwa nani. Beki mzuri humuoni. Beki mbaya unamuona kila dakika.

Kazi ya pili ni kurudi kinyumenyume kwa viatu vya barafu huku mtu anamjia mbele kwa kasi, na kumsukumia pembeni ambako hana cha kufanya. Ya tatu ni kusimama mbele ya shuti kwa mwili wake. Ya nne, timu yake ikishambulia, anakaa kwenye mstari wa buluu wa mpinzani kuhakikisha paki haitoki, maana ikitoka wenzake wote lazima watoke ndani waanze upya. Helmer sifa yake kubwa ilikuwa hapo, pasi ya kwanza na shuti la kutoka mbali, hasa mpinzani akiwa pungufu kwa adhabu. Asisti 435 hazipatikani kwa kugongana.

Wanacheza kwa vipande vya chini ya dakika moja halafu wanabadilishana bila mechi kusimama. Ndiyo maana beki wa sita na wa saba kwa mtazamaji wanaonekana sawa tu. Kwa kocha hawako sawa hata kidogo.

Mtoto wa Ujiji

Haya, safari.

Kazaliwa tarehe 15 Julai 1972, Sault Ste. Marie, Ontario, Canada. Vijana wa Canada wenye kipaji huchaguliwa na timu za NHL wakiwa na miaka 18 kwenye zoezi linaloitwa drafti. Helmer hakuchaguliwa na timu yoyote. Hili likumbukeni, nitalirudia.

Akaingia AHL kwa mlango wa nyuma, Albany River Rats, jimbo la New York. River Rats ilikuwa timu ya chini ya New Jersey Devils. Mwaka 1995 Albany wakabeba kombe la AHL, Calder Cup, fainali wakiwashinda Fredericton mechi nne kwa bila. Mwaka huohuo Devils wakabeba Stanley Cup, kombe la NHL, wakiwashinda Detroit nao mechi nne kwa bila. Klabu moja, juu na chini, makombe yote mawili.

Mnaona tatizo la Helmer liko wapi? Alikuwa bingwa kwenye klabu ambayo mabeki wake wa juu walikuwa Scott Stevens, Scott Niedermayer na Ken Daneyko. Stevens na Niedermayer leo wako kwenye jumba la heshima la hoki. Helmer alikaa Albany hadi 1998. Mechi alizochezea New Jersey: sifuri.

1998 akapata mkataba Phoenix. Mechi 11, msimu huohuo akahamia St. Louis, akacheza 29. Ukisikia hivyo unasema sasa katoka. Hebu tazama nani walikuwa mabeki wa St. Louis. Al MacInnis, aliyechukua tuzo ya beki bora wa NHL mwaka 1999. Na Chris Pronger, aliyeichukua mwaka 2000, na juu yake akachukua ya mchezaji bora wa ligi nzima, kitu ambacho beki hukipata kwa nadra sana. Msimu wa 1999-2000 St. Louis walimaliza vinara wa ligi nzima kwa pointi 114. Helmer mechi 15. Muda uliobaki alikuwa Worcester, Massachusetts, AHL.

Jamaa alitoka kwenye foleni ya Stevens na Niedermayer akaenda kupanga foleni ya MacInnis na Pronger. Mngempa ushauri gani?

Vancouver ndiko alikopumua kidogo. Mechi 20 msimu wa kwanza, 40 msimu wa 2001-02, na magoli matano, msimu wake bora kabisa juu. Mbele yake walikuwa Mattias Öhlund na Ed Jovanovski. Msimu uliofuata, mechi mbili tu. Akarudi Winnipeg kwenye Manitoba Moose, timu ya chini ya Vancouver wakati ule. 2003-04 Phoenix tena, mechi 17.

Halafu kimya. Msimu wa 2004-05 NHL nzima ilifutwa kwa ugomvi wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji, AHL ikajaa vijana ambao kwa kawaida wangekuwa juu. Helmer alikuwa na miaka 32. Akazunguka kutoka Springfield, timu ya chini ya Phoenix, hadi Grand Rapids na San Antonio. Massachusetts, Michigan, Texas. Ukichora kwenye ramani unachoka wewe.

Beki Tatu

Mkuu uzi mtamu ila naona unamtetea mno. Mechi 146 kwa miaka yote hiyo? Klabu nne zimemwona kwa macho yao na zote zikamrudisha chini. Kwetu Bongo mchezaji akipita klabu nne kubwa na hajapata namba, tunasema hana kiwango, tunamaliza.

Mama Kayai

Naunga mkono Beki Tatu. Foleni ipo kila kazi.

Mtoto wa Ujiji

Beki Tatu, una hoja, na nitakuongezea silaha: Phoenix ya 2003-04 ilikuwa dhaifu, ilishinda mechi 22 kati ya 82. Pale hapakuwa na Pronger. Na bado alipata 17. Kwa hiyo sisemi alikuwa nyota aliyefichwa. Kasi ya NHL ilimpita kidogo, na huo "kidogo" juu kule ni mwingi.

Lakini turudi kwenye drafti. Yupo beki mwingine anaitwa John Slaney, wa Newfoundland. Huyu alichaguliwa na Washington mwaka 1990, wa 9 kati ya wote waliochaguliwa mwaka ule. Naye baadaye aligeuka kuwa nguli wa AHL, akawa beki bora wa ligi misimu miwili mfululizo, 2001 na 2002. Rekodi ya pointi aliyoivunja Helmer ilikuwa ya Slaney. Ukiwaangalia AHL ni watu wa daraja moja. Sasa NHL: Slaney alipata mechi 268, kwa timu saba. Timu saba! Kila mkurugenzi alikuwa anajiambia "huyu alichaguliwa wa 9, lazima kuna kitu". Helmer hakuwahi kuwa na bosi wa kuona aibu akimtema. Ukimsajili wa 9 ukamshusha, wewe bosi umeonekana mjinga. Ukimshusha mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote, nani atakuuliza?

Tofauti ya mechi 122 mimi naihesabu hapo. Wewe ihesabu unavyotaka.

Kobelo

Twende kwenye pesa. Huko chini wanalipwaje?

Mtoto wa Ujiji

Hapa ndipo panauma. Msimu wa 2019-20 kima cha chini NHL kilikuwa dola 700,000 kwa mwaka. AHL kilikuwa kwenye dola 50,000 hivi. ECHL wanalipwa kwa wiki, pesa ya kubanana, klabu inawapa nyumba ya kukaa. Siyo lazima beki wa AHL awe kwenye kima cha chini, wakongwe kama Helmer hulipwa vizuri zaidi, lakini pengo ndilo hilo.

Mikataba mingi ya watu wa katikati ina mishahara miwili ndani ya karatasi moja: ukiwa juu unalipwa hivi, ukiwa chini unalipwa vile, kwa siku. Sasa fikiria umeitwa juu kwa siku kumi kwa sababu mtu kavunjika kidole. Hizo siku kumi zinaweza kuwa kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Na unajua kabisa kidole kitapona.

Halafu kuna kitu kinaitwa waiva. Mchezaji mzoefu hawezi kurudishwa chini kimyakimya. Jina lake linatangazwa kwa timu zote za NHL, na kwa saa 24 timu yoyote inaweza kumchukua. Inasikika kama ulinzi kwa mchezaji, na kwa baadhi ni ulinzi kweli. Lakini ina upande wa pili: bosi akijua ukirudishwa chini unaweza kuchukuliwa na mwingine, anaweza kuamua asikupandishe kabisa, ampandishe kijana ambaye hana masharti hayo.

Mama Kayai

Kwa hiyo yeye ni tairi la akiba. Linakaa kwenye buti miaka yote, siku likitoka ujue kuna pancha.

Mtoto wa Ujiji

Mama Kayai umemaliza 😂 Ila subiri usikie buti lenyewe.

2008 Helmer akaja Hershey. Miaka 36. Maisha ya AHL hayamhurumii mtu wa umri huo: mechi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, usiku tatu mfululizo, katikati ni basi. Akawa nahodha. Juni 2009 wakachukua Calder Cup, na waliowafunga fainali ni Manitoba Moose, timu yake ya zamani.

Msimu uliofuata ndio ninaoupenda. Washington ya 2009-10 ilikuwa moto, vinara wa NHL kwa pointi 121. Alex Ovechkin mbele, nyuma Mike Green, beki ambaye msimu wa kabla yake alifunga magoli 31. Majeruhi yakaja. Wakamwita Helmer, miaka 37, ambaye mechi yake ya mwisho ya NHL ilikuwa 2003-04. Akacheza 12. Akarudi Hershey.

Na Hershey ya mwaka ule ilikuwa balaa peke yake. Ilishinda mechi 60 za msimu wa kawaida, rekodi ya AHL. Kwenye mabeki walikuwepo vijana wawili mali ya Washington, Karl Alzner na John Carlson. Carlson ndiye aliyefunga goli la dhahabu la Marekani kwenye kombe la dunia la vijana Januari 2010. Fainali ya Calder Cup dhidi ya Texas Stars, Hershey wakapoteza mechi mbili za kwanza, tena nyumbani. Kabla yao hakuna timu iliyowahi kuchukua kombe hilo baada ya kuanza hivyo. Wakashinda nne mfululizo. Nahodha Helmer akaliinua tena.

Carlson alipanda, akakaa, na mwaka 2018 akabeba Stanley Cup na Washington akiwa mmoja wa mabeki bora wa ligi. Kijana wa miaka 20 anapojifunza kazi, wa kumwangalia ni mtu kama Helmer: anafikaje mazoezini, anafanya nini baada ya kufungwa sita. Klabu zinalipa wakongwe kwa hilo, wala si siri. Beki anakomaa polepole kuliko mshambuliaji, na kosa lake linaishia golini, kwa hiyo hawamwachi ajifunzie peke yake.

Baada ya hapo akaenda Oklahoma City Barons kwa misimu miwili, akastaafu 2012 akikaribia miaka 40. Mwaka 2017 AHL ikamwingiza kwenye jumba lake la heshima.

Nairobi_254

Hii ni story poa sana buda. Watu hawajui hata Kenya tuko na timu, Ice Lions, wamekuwa wakicheza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi. Hiyo rink ilifunguliwa 2005 na ni ndogo, haifiki saizi ya kawaida. 2018 walipelekwa Canada wakacheza na mastaa wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Na 2024 Kenya ikakubaliwa kwa shirikisho la dunia kama mwanachama mshiriki. Mjue si wazungu pekee.

Mtoto wa Ujiji

Nairobi_254 asante sana, hilo nililiacha makusudi nione nani atalileta. Ile safari ya Canada niliiona, kipa wao hakuwa na mpinzani wa kumzoesha mashuti nyumbani, na siku moja anaambiwa Crosby ni mwenzako leo.

Beki Tatu

Sasa baada ya kustaafu? Maana wengi wakimaliza wanapotea.

Mtoto wa Ujiji

Huyu hajapotea. Alirudi Hershey ofisini, akawa makamu wa rais wa klabu anayesimamia masuala ya timu. Kazi yake kubwa ni ile ile niliyosema: kutafuta wakongwe wa kuwaweka pembeni ya vijana wa Washington. Hershey wakachukua Calder Cup 2023, mechi ya saba, muda wa nyongeza, ugenini kwa Coachella Valley Firebirds huko California. Mwaka 2024 wakachukua tena, dhidi ya haohao. Matatu kama mchezaji, mawili kama bosi.

(Nje ya mada kidogo: mkija Hershey msije siku ya kawaida, njooni siku ya kutupa midoli. Timu ikifunga goli la kwanza, uwanja mzima unarusha midoli kwenye barafu, wanaigawa kwa mashirika ya hisani. Januari 2025 walihesabu 102,343. Uwanja unachukua watu kama 10,500. Mechi inasimama wanazoa tu.)

Kobelo

Swali la mwisho mkuu. Hiyo 1,117 kuna mtu ataivunja?

Mtoto wa Ujiji

Sioni. Helmer miaka yake mingi AHL ilikuwa na mechi 80 kwa msimu, sasa ni 72. Gawanya 1,117 kwa 72: misimu kumi na tano na nusu bila kukosa hata mechi moja, bila hata kuitwa juu. Na kuna kanuni: kati ya wale 18 wa ndani, 13 lazima wawe wachezaji wa kukuzwa, yaani wasiovuka idadi fulani ya mechi za kulipwa. Kwa muda mrefu mstari umekuwa mechi 260, na mmoja tu akiruhusiwa kufika 320. Zinabaki nafasi tano za wakongwe, washambuliaji na mabeki wote humo. Beki akishavuka mstari huo anagombea moja ya nafasi tano kila mwaka dhidi ya kila mkongwe aliyetemwa na NHL. Wengi wanaona bora waende Ujerumani au Sweden wakalipwe vizuri na wapumzike mabasi.

Mwenye swali la Slaney aliache hapa, nikitoka zamu nitajibu.